Mvua ya Kisaki na Kalamu ya Mtu wa Pwani

Mtu wa visiwani huhesabu mwaka kwa pepo. Akitaja kaskazi, msikilizaji wake huyaona majahazi ya zamani yakiingia kutoka Arabuni na jua likichoma kuta za mji; akitaja kusi, huiona bahari iliyochafuka na mvuvi wa upande wa wazi akisita kushusha chombo chake. Maneno hayo mawili yameutumikia ushairi wa Kiswahili kwa muda mrefu: yamekuwa safari, yamekuwa kungoja, yamekuwa hiana ya mpenzi aliyegeuza tanga. Taabu huanza pale mtunzi anapouacha ushairi akaingia katika hadithi, na hadithi yenyewe ikamvusha bahari ikampeleka bara. Huko kaskazi na kusi hazimwambii mtu lini apande wala lini avuke mto.

Tumchukue mtunzi wa namna hiyo, mwenye azma ya kuandika riwaya ya mpagazi, naye akaiweka Kisaki, kusini ya milima ya Uluguru, mahali ambapo mto Mgeta unatoka milimani na kuingia tambarare. Si chaguo baya. Nchi hiyo ya Wakutu ilikuwa njia kuu ya misafara ya pembe na watumwa. Zungomero, kituo kilichovuma katika karne ya 19, kilikuwa upande huo huo, na Burton na Speke walikipitia mwaka 1857 wakielekea Tanganyika. Septemba 1916 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani yalipigana Kisaki, kisha yakakabiliana kandokando ya Mgeta hadi mwaka ukaisha. Mtunzi wetu ana mali ya kutosha. Anaketi, anaandika sentensi yake ya kwanza: mvua kubwa ya masika ilikuwa ikinyesha.

Sentensi hiyo haina kosa, na hilo ndilo kosa lake. Ingeweza kusimama Wete, Bukoba au Lamu bila ya kubadilishwa herufi moja. Ni ndugu wa zile insha za shule ambamo kila asubuhi jua huchomoza na ndege huimba, hata kama mwandishi wake anakaa ghorofani Michenzani na sauti ya kwanza aisikiayo ni ya muuza mkate. Mvua ya namna hiyo ni pazia lililotundikwa nyuma ya wahusika. Mtu anaweza kulivuta na kulitoa, na hadithi isitikisike.

Mvua ya Kisaki ina nasaba yake, na nasaba hiyo inaanzia baharini. Pepo zile zile zipitazo juu ya Unguja zikibeba unyevu huenda zikaigonga Uluguru, milima iliyopanda hadi kupita mita 2,600. Hulazimika kupaa, hupoa, na maji hudondoka. Pako mahali katika miteremko ya mashariki panapopata zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka, na hata katika miezi ambayo pwani ni kipupwe kikavu, huko juu mvua hainyamazi kabisa. Burton alifika Zungomero mwishoni mwa Julai, wakati ambao mzee wa pwani angemwapia kuwa hakuna mvua, akakuta unyevu na homa.

Na Mgeta huanzia huko juu. Kwa hiyo mto waweza kujaa Kisaki ilhali anga ya Kisaki ni nyeupe. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mtu wa kando ya mto huu dalili ni maji yenyewe kugeuka rangi ya udongo, matawi mabichi yanayopita yakizunguka, na sauti iliyokuwa mchirizi kuwa mngurumo. Kijana aliyevuka asubuhi maji yakimfika magotini hawezi kurudi jioni, na mgongoni hana hata tone. Ng'ambo ameacha mkewe mjamzito, au deni, au mkuki wa baba yake. Hapo majira hayaipambi hadithi. Yameianzisha.

Lakini mvua hiyo ni ya nani? Mwanzoni mwa Januari 1917 Waingereza walisonga kusini kupita Mgeta. Tarehe 4 mwindaji Frederick Selous aliuawa Beho Beho, na pori kubwa la kusini ya Kisaki likaja kubeba jina lake, hata mwaka 2019 sehemu yake ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kisha mvua zikaja kwa nguvu, Rufiji ikafurika, vita vikakwama matopeni. Katika vitabu vya maofisa mvua hiyo ni adui mwingine, na katika kurasa za Burton, miaka 60 kabla, unyevu wa nchi hiyo ni ugonjwa. Kwa mkulima wa Kikutu ni mpunga. Huenda askari wamekwisha kula akiba yake, naye anaipokea mvua huku akihesabu kwa vidole miezi iliyobaki mpaka mavuno. Mtunzi akiiandika mvua kwa macho ya ofisa bila ya kujijua, kwa sababu tu vitabu alivyovisoma viliandikwa na maofisa, basi amekwisha kumkana mpagazi wake kabla ya ukurasa wa pili.

Mpagazi huijua mvua kwa ngozi na kwa tumbo. Mzigo uliolowa huzidi uzito. Kamba iliyolowa hukata bega mahali tofauti na pale palipokwisha sugu. Jioni kuni ni mbichi, moshi ni mwingi, na unga wa mahindi, chakula ambacho wengi wao hawakukizoea, hauivi. Unaliwa hivyo hivyo, na tumbo la kuhara damu huanza. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vile, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Jivu lililolowa na unga mbichi ulimini hueleza haya kuliko aya nzima ya radi na umeme.

Watunzi wetu hupenda mno macho, masikio wanayasahau. Nyumba ya nyasi huinywa mvua kimya, na watu wawili wanaweza kunong'ona ndani yake usiku kucha. Chini ya bati, mvua hiyo hiyo humlazimisha mtu kupiga kelele, na siri haisemeki mpaka inyamaze. Anayeweka mazungumzo ya faragha chini ya bati wakati wa mvua ya mawe ya kuvunja masikio hajaisikia mvua yake mwenyewe. (Na anayeweka bati juu ya kibanda cha mpagazi wa 1917 ana hesabu nyingine ya kutoa.)

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alimpeleka bara kijana wa pwani pamoja na msafara katika riwaya yake ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, ikatoka 2022. Ugeni wa Yusuf ndio mlango wa msomaji: nchi inamwingia kidogo kidogo, na bustani aliyoiacha pwani inazidi kuwa kijani kadiri anavyosonga.

Mtunzi wetu naye anayo njia hiyo. Watu wa visiwani walikuwamo miongoni mwa wapagazi wa vita vile. Basi mpagazi wake na awe mtu wa Makunduchi, na ujinga wa mtunzi kuhusu mvua za bara uwe ujinga wa mpagazi. Usiku wake wa kwanza Kisaki amelala juu ya majani mabichi, hana usingizi. Anangoja upepo umwambie ni mwezi gani, na upepo hauji. Nyota zote ziko wazi. Kisha kwa mbali anasikia mngurumo anaoujua tangu utotoni, bahari ikivunja mwambani, na anajigeuza upande wa pili, akitabasamu, karibu kulala, huku wenyeji wa kambi wakiinuka gizani na kuanza kuhamisha vitu vyao.