Gesi ya mtungi nayo ina bili yake

Malalamiko ninayoyasikia zaidi kwa akina mama wa Majengo, hapa Mpanda, ni kwamba gesi inaisha haraka. Ukiuliza ilidumu siku ngapi, wengi hawana jibu. Siwalaumu. Baadhi ya nyumba za Dar es Salaam na Mtwara zina gesi asilia ya bomba na mita inayoonyesha matumizi. Sisi tuna mtungi, na mtungi hausemi kitu mpaka uzime ugali ukiwa nusu.

Dada yangu alikuwa tayari amerudi kwenye mkaa, na mwanawe wa miaka miwili anakohoa kila jioni. Nikamwomba jambo moja tu: aandike kwa kalamu ya wino mzito, kwenye mtungi wenyewe, tarehe ya kuwasha. Mtungi wa kilo 6, aliojaza kwa shilingi 27,000, ulidumu siku 21. Gawanya: kama shilingi 1,300 kwa siku, gesi isiyofika gramu 300. Mkaa wa kupima alikuwa ananunua wa 1,000, na siku ya maharage 1,500.

Kwa hiyo tofauti ni ndogo kuliko alivyodhani. Kinachouma ni kutoa 27,000 kwa mkupuo wakati mkaa unalipwa kidogo kidogo. Siku hizi anatenga 1,300 kila asubuhi kwenye kopo, kama vile ananunua mkaa.

Kabla ya kulalamika kuwa inaisha haraka, hakikisha pia umeuziwa kilo 6 kweli. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma cha juu. Ukisoma 7.2, mtungi uliojaa unatakiwa uwe 13.2. EWURA inawataka wauzaji wawe na mizani, kwa hiyo ukiomba upimiwe hujaleta ugomvi. (Kuna duka niliambiwa mizani "imelala". Nikaenda la pili.)

Mlaji mkubwa wa gesi ni maharage. Jiko dogo likiwaka kwa nguvu hula takriban gramu 200 kwa saa, hivyo sufuria ya maharage ya saa mbili inaweza kumeza gramu 400, zaidi ya matumizi ya siku nzima ya dada. Loweka usiku kucha, mwaga maji, funika sufuria, na yakishachemka punguza moto. Maji yanayotokota taratibu yana joto lile lile la yanayoruka. Chai ya asubuhi ichemshe mara moja, weka kwenye chupa.

Nikiwa mwandishi wa afya, moshi siwezi kuupita. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani ilihusika na vifo milioni 3.2 duniani, wakiwemo watoto wadogo wengi. Mkaa unadanganya kwa sababu hautoi moshi mwingi kama kuni, lakini hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, kaboni monoksaidi. Usiuingize chumbani msimu wa mvua hata kwa kuota.

Dada hajaacha mkaa kabisa. Maharage bado anayapika kwa mkaa mara mbili kwa wiki, nje, chini ya mwembe, mtoto akiwa mbali. Uji, ugali, wali na migebuka ni gesi. Mtungi wa sasa una siku 24 na bado unawaka.