Chui wa Nani?

Kwetu Kigombe tumezoea wageni wanaoulizia silikanti, yule samaki wa kale mwenye mapezi manene kama viganja. Wataalamu walidhani amekwisha duniani, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Sisi tukaanza kumkuta kwenye jarife mwaka 2004, na mwaka 2009 bahari yetu ikatangazwa kuwa hifadhi kisheria kwa ajili yake. Nongwa za nyavu hazijaisha mpaka leo, lakini samaki ana sheria yake. Basi niliposikia Unguja nao wana chui wao, nikafunga kibegi.

Siku ya kwanza nilivuka mto Pangani kwa pantoni, nikalala Kipumbwi. Alfajiri nikapanda boti ya Mkokotoni. Mimi, mtoto wa mvuvi, nilitapika njia nzima! Mama mmoja akanipa ndimu ninuse, akaniuliza kama natoka Dodoma.

Siku ya tatu nikamwona chui. Yuko makumbusho ya Mnazi Mmoja, amekaushwa, amepauka kama khanga iliyosahaulika kambani. Nilitarajia jitu la kutisha. Kumbe mdogo kuliko wenzake wa bara, na madoadoa yake madogomadogo, kama mtama uliomwagika mkekani.

Kesho yake nikaenda Pete, jirani na msitu wa Jozani.

"Shikamoo, babu. Naulizia chui."

"Marahaba. Chui wa nani?"

Nikabaki mdomo wazi. Kwetu hakuna aulizaye silikanti ni wa nani. Mzee akanieleza taratibu: zamani watu waliamini wako chui wa kufugwa, wachawi wakiwatuma kwa mahasimu wao. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ukapita msako mkubwa, mganga Kitanzi akiuongoza, wachawi na chui wakasakwa pamoja. Serikali nayo ilimhesabu chui kuwa mnyama mharibifu. Mpango wa kumnusuru ulikuja miaka ya 1990, ukaachwa mwaka 1997: watafiti hawakupata dalili ya chui aliye hai. Nilichoka. Mpango umefika, mwenye kupangiwa hayupo! Jozani yenyewe ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2004.

"Sauti yake uliwahi kuisikia, babu?"

Akaweka kikombe chini, akakohoa, akakoroma kwa kooni, mbele na nyuma, kama msumeno unaopasua mbao. Wajukuu wakaangua kicheko. Nikamwomba arudie.