Banjo Ugenini

Jumamosi, 4 Januari 2025
Nimeitazama tena Throw Down Your Heart, filamu ya Sascha Paladino ya mwaka 2008. Nduguye, Béla Fleck, mpiga banjo wa Marekani, alibeba ala yake mwaka 2005 akapita Uganda, Tanzania, Gambia na Mali, akipiga na kila aliyemkaribisha. Alitaka kuirudisha banjo kwa wazee wake, kwa kuwa mizizi yake ilivushwa bahari na Waafrika waliouzwa utumwani. Gambia utaiona akonting ya Wajola, Mali utaisikia ngoni ya Bassekou Kouyate, na undugu unajionyesha wenyewe.

Hata hivyo, kinachonivuta mimi ni sehemu ya huku kwetu. Uganda na Tanzania banjo haina babu. Mgeni hana ukoo wa kudai, hana kaburi la kuzuru. Amebaki na masikio yake tu. Naamini ndiyo maana muziki wa sehemu hii umekuwa mtamu kiasi hiki.

Jumapili, 5 Januari
Usiku nimekwama kwenye sehemu ya Anania Ngoliga, mpiga ilimba wa Tanzania. Haoni kwa macho, ila akishika ilimba ni kama amewasha taa ndani ya nyumba. Vijiti vya chuma vya ilimba ya Wagogo vina mpangilio wake wa sauti, na wimbo ukishaanza huwezi kuvibembeleza vipande au vishuke. Banjo ndiyo inayopaswa kusogea. Fleck ana vidole vyepesi mno, angeweza kumfunika mwenyeji wake kwa dakika moja. Hakufanya hivyo. Anamwacha Anania apite mbele, kisha anaingia kwenye mianya.

Ni adabu ya ngomani. Sijui nani alimfundisha, lakini anayo.

Jumanne, 7 Januari
Kaskazi imevuma kutwa. Jioni nilimpelekea laptopu mzee jirani, mpiga kayamba ambaye amecheza ngoma ya mwanzele katika matanga mengi, kuanzia hapa Kuruwitu, pwani ya Kenya, hadi Chonyi. Aliniuliza picha hizi ni za lini. Nikamwambia, "Baba, ni mwaka ule wavuvi mlipokubaliana kufunga kipande cha bahari kisivuliwe." Akaelewa mara moja.

Banjo haikumshughulisha sana. Alichotaka kurudiwa ni ile marimba kubwa ya kijiji cha Nakisenyi, Uganda, watu wengi wakiipiga kwa pamoja, kila mmoja na kipande chake kidogo. Nilirudisha, nikarudisha tena. Mkono wake ulikuwa ukitikisa kayamba isiyokuwepo.

"Mwanangu, hao hawashindani," alisema. "Na huyo mzungu naye anajua kungoja."

Kisha akauliza swali ambalo filamu nzima hainijibu vizuri: "Na yule asiyeona, naye alialikwa kwao?"

Nilifurahi kuwa na jibu. Ndiyo, baba, mwaka 2009 Anania alizunguka Marekani na Fleck, akiwa pamoja na John Kitime wa Dar es Salaam. Mzee akaguna kwa kuridhika.

Jumamosi, 11 Januari
Bado kuna jambo linanikereketa. Albamu iliyotokana na safari ile ilipata tuzo ya Grammy mwaka 2010, na jina kubwa kwenye jalada ni la mgeni. Naijua hoja ya soko. Lakini msikilizaji anayeanzia kwenye jalada atachelewa sana kumfikia Anania. Afadhali albamu ya Mkutano ya mwaka 2005, ambamo Taj Mahal wa Marekani alikutana na Culture Musical Club ya Zanzibar: hapo jina la kundi limesimama kando ya lake.

Kosa jingine ni haraka. Nchi nne ndani ya filamu moja! Muziki wa ukoo wa Zawose wa Bagamoyo pekee ungetosha kuijaza. Marehemu Hukwe Zawose aliutumikia hadi mwaka 2003, na wanawe hawakuuacha ulale.

Na Pwani yetu? Fundi Konde, Mgiriama, alishapiga gitaa jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, katika kikosi cha burudani. Filimbi ya chivoti, ngoma ya bumbumbu na kayamba bado vinasikika. Akija mpiga ala kutoka Marekani, namtaka akae matanga mazima kabla kamera haijafunguliwa, na jina la mzee liandikwe kwanza.

Jumamosi ijayo vijana wawili wa gitaa watakuja kuitazama filamu kwa mzee. Nimewaambia waje na magitaa yao. Mzee ameagiza jambo moja tu: wasianze kupiga kabla yake.