Mwiba Huonekana, Maziwa Hujificha



Ukipita katika mitaa ya Lubumbashi, mbele ya nyumba nyingi na mbele ya makanisa yetu utauona mti mdogo wenye miiba mingi na maua mekundu. Watu huupenda kwa sababu hauombi kitu kikubwa: jua kali na maji kidogo watosha, nao hutoa maua karibu mwaka mzima. Kwa Kifaransa huitwa Épine du Christ, ndiyo kusema Mwiba wa Kristu. Kwa ajili ya jina hilo nami niliupenda, nikaupanda mbele ya kanisa letu dogo katika komini ya Katuba. Leo nataka kuwaelezeni namna ya kuutunza. Lakini kwanza yanipasa kuungama kosa langu.

Ijumaa moja ya Kwaresima ya mwaka 2019 niliwakusanya watoto wa katekisimu chini ya mwembe, nikawafundisha Mateso ya Bwana wetu. Nikakata tawi la mti ule, nikaliinua juu, nikasema: "Tazameni, watoto. Kwa miiba ya mti huu Yezu alivikwa taji." Wakalishika mmoja baada ya mwingine. Niliwaonya juu ya miiba. Lakini juu ya maziwa meupe yaliyokuwa yakidondoka pale nilipokata, sikusema neno. Nilikuwa nimesoma miaka mingi seminarini, wala jambo hilo sikulijua.

Mtoto mmoja wa miaka 9 alijifuta jasho usoni kwa mkono uleule. Baada ya kitambo akaanza kusugua jicho, akisema: "Mwalimu, linawaka." Somo lilikuwa karibu kwisha, nami nikamjibu: "Vumilia kidogo, mwanangu. Yezu alivumilia zaidi." Maneno hayo niliyaona kuwa mazuri. Mtoto akanyamaza, akavumilia, maana alinisadiki.

Jioni nkambo wake alituma watu kuniita. Nikamkuta mtoto jicho limevimba na kufumba, machozi yanamtiririka. Jirani mmoja alitaka kumtilia maziwa ya mama. Mwingine alileta kichupa cha dawa ya macho kilichobaki tangu mwaka uliopita. Nkambo alikataa yote mawili. Alimlaza mtoto ubavu, akamfungua jicho kwa vidole, akammiminia maji safi kikombe kwa kikombe, mpaka nusu ya bidoni ikaisha. Kisha tukampeleka kwa mganga wa macho usiku uleule. Mganga akatuambia kwamba ngozi nyembamba ya mbele ya jicho imeunguzwa, lakini itapona kwa dawa. Tena kama angalioshwa mara moja, asingaliumia hivyo.

Njiani tukirudi, nkambo aliniambia kwa upole: "Baba Mwalimu, uvumilivu ni kitu chema. Lakini mtoto alikuwa anakuita."

Sikupata la kujibu.

Siku ya Jumatatu ya Juma Kuu, tarehe 15 Aprili, moto uliunguza kanisa kuu la Notre-Dame la Paris. Tukasikia redioni kwamba Taji la Miiba lililotunzwa humo limeokolewa. Nikamwuliza Padri wetu kama taji hilo lilifanywa kwa mti kama wetu. Akanieleza kwamba Mfalme Mtakatifu Ludoviko wa Ufaransa ndiye aliyelipata mwaka 1239, na kwamba linaloonekana leo ni duara la majani membamba ya mahali penye maji, yaliyosokotwa. Miiba yake iligawanywa tangu zamani kwa makanisa mengi. Nao mti wetu asili yake ni kisiwa cha Madagaska. Gavana mmoja wa kisiwa cha Bourbon, kinachoitwa leo Réunion, jina lake Milius, ndiye aliyeufikisha Ufaransa mwaka 1821, na wataalamu wakauita Euphorbia milii kwa heshima yake. Askari wa Pilato wangeutoa wapi kule Yerusalemu? Basi katika somo moja nilikuwa nimefundisha jambo lisilo kweli, na jambo la kweli lililowapasa watoto nikaliacha.

Nilitaka kuung'oa mti ule. Nkambo akanicheka: "Na ile iliyo mbele ya nyumba zote za Katuba, utaing'oa nani? Afadhali uwafundishe watu." Nikaona amesema haki. Kwa hiyo, ndugu msomaji, shika mambo haya.

Mti huu huzaa kwa tawi. Wakati mzuri ni mwezi wa tisa au wa kumi, joto linaporudi baada ya baridi. Vaa glavu na miwani, tumia kisu kikali, kata tawi la urefu wa kiganja. Lioshe kidonda chake kwa maji mpaka maziwa yakome, kisha liweke kivulini siku tano hata saba, kidonda kikauke. Ukilipanda bichi litaoza.

Udongo wake uwe wa kupitisha maji. Udongo wa kichuguu, ambao sisi tunaupenda kwa matofali, haufai peke yake, maana hushika maji kama bakuli. Uchanganye na mchanga mwingi. Ukipanda katika sufuria kuukuu, itoboe chini. Weka mahali penye jua. Mwagilia tu udongo unapokuwa umekauka, na katika baridi ya mwezi wa sita na wa saba upunguze zaidi. Majani yakianguka wakati huo usiogope, yatarudi.

Usiupande karibu na mlango wala mahali watoto wanapochezea. Matawi uliyoyakata usiyachome, maana moshi wake huwasha macho, yafukie shimoni. Kisu na mikono vioshe kwa sabuni kabla ya kugusa uso au chakula. Na mambo hayo si ya mti huu tu. Mnyaa, ule mti wa ua usio na majani, ni ndugu yake, nao maziwa yake huunguza vivyo hivyo.

Maziwa yakigusa ngozi, osha kwa maji na sabuni. Yakiingia jichoni, usisugue. Osha kwa maji safi mengi yanayotiririka, robo saa au zaidi, kisha nenda kwa mganga siku ileile, hata kama maumivu ni madogo. Mara nyingi huzidi baada ya saa kadha, na jicho lisilotunzwa laweza kupofuka. Usitie maziwa ya mama, wala majani, wala dawa ya kubahatisha. Mtu akiyameza maziwa ya mti, mpeleke hospitali upesi.

Mtoto yule alipona. Siku ya Pasaka alikuwa kanisani, macho yote mawili wazi, akiimba. Mti bado uko mbele ya kanisa, umezungushiwa mawe, na kando yake kuna ndoo ya maji yenye kifuniko na kipande cha sabuni. Kila Kwaresima nawaonyesha watoto miiba yake kwa mbali, nawaambia kwamba si ile ya Yerusalemu, kisha nawaonyesha maziwa yake. Mwiba humwonya mtu kwa sura yake. Maziwa hufanana na chakula cha mtoto, kwa hiyo sharti mtu mwingine aseme.

Na mtoto akisema linawaka, tunaacha somo.

Mungu atujalie sisi tunaofundisha masikio ya kusikia.