Mchoro Kwanza, Domo Baadaye

Msinione kimya mkadhani nimedisco, la hasha, nipo na nadunda. Nilikuwa field, na field yenyewe ilikuwa nyumbani Busunzu. Leo nataka kuwapa stori ya mihogo, sisi watu sita, na kwa nini siku hizi nikiona kundi la ubunifu linaanza kazi kwa kuongea nasikia usingizi.

Kwa wasiojua: semista iliyopita tulipewa kazi ya kundi, tubuni kitu kitakachompunguzia mkulima kazi baada ya mavuno. Wenzangu walitaka mpunga. Mimi nikaleta mihogo, na kwa sababu nilikuwa peke yangu niliyeweza kuieleza kuanzia shambani mpaka sahanini, ikapita. Kwetu ni Kibondo, milima ya Kigoma, na ugali wa muhogo kwetu si chakula cha njaa kama nyie watu wa sembe mnavyodhani. Ila kazi yake ni balaa. Unang'oa, unamenya, unaloweka siku tatu nne ili ile sumu ya sianidi itoke, unaanika, yakikauka ndiyo makopa, ndipo yanaenda mashineni. Kila hatua hapo weka mkono wa mama.

Basi kikao cha kwanza tukakaa kwenye kimbweta. Katika kundi letu kuna mshikaji mmoja, nimwite Mheshimiwa, jamaa ana sauti na anajua kuitumia. Kabla hata watu hawajakaa vizuri akasema: mashine ya kumenya, yenye mota. Wadau, kwa saa nzima iliyofuata hakuna aliyetoka kwenye mashine ya kumenya. Mmoja akasema iwe ndogo, mwingine akasema ifungwe kwenye baiskeli, mwingine isukumwe kwa mkono. Watu sita, wazo moja, tunalibadilisha nguo tu. Kuna dada mmoja wa Pemba kwenye kundi, mtulivu, anachora kuliko sisi wote, hakusema neno. Mara mbili alifungua mdomo, mara mbili Mheshimiwa alikuwa bado hajamaliza.

Na si kwamba jamaa ni mtu mbaya. Hili jambo lina historia yake. Mtindo wa kukaa kundi na kumwaga mawazo kwa mdomo, ule tuliofundishwa shuleni kwa jina la bungua bongo, ulipigiwa debe sana na Mmarekani mmoja wa kampuni ya matangazo, Alex Osborn, kwenye kitabu chake cha mwaka 1953. Alisema mtoe mawazo mengi, msikosoane, mjenge juu ya wazo la mwenzenu. Inasikika tamu. Lakini mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichukua makundi ya watu wanne yaliyokaa pamoja, wakayalinganisha na watu wanne waliofanya kazi kila mtu kivyake kisha mawazo yao yakajumlishwa. Waliokaa kivyao wakatoa mawazo mengi zaidi. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe wakaonyesha sababu moja kubwa, nayo ni rahisi kuliko unavyodhani: mdomo ni mmoja kwa wakati mmoja. Wakati mwenzako anaongea wewe unasubiri, na ukisubiri, wazo linapoa au linafanana na la anayeongea. Niliposoma hapo nikamkumbuka dada wa Pemba.

Aliyetuokoa ni fundi wa karakana ya chuo, mzee mmoja anayependa kutucheka. Akatupa karatasi sita na kusema, "Wanangu, fungeni midomo nusu saa." Alichotupa kilikuwa mchezo wa Mjerumani Bernd Rohrbach wa mwaka 1968. Watu sita, kila mtu mawazo matatu, kila duru dakika tano, kisha unampa jirani karatasi yako naye anaendeleza. Duru sita ni nusu saa, na kwa hesabu unatakiwa upate mawazo 108. Wa Rohrbach walikuwa wanaandika, sisi mzee akatuambia tuchore. Maneno ruksa matatu tu kwa kila mchoro.

Hatukufika 108, tusidanganyane. Tulipata sitini na kitu, na humo kuna vichekesho. Lakini hapa ndipo nataka mnisikilize. Mimi nilichora pipa la kuoshea mihogo, pipa lililolala kwenye miguu miwili, lina mkono wa kuzungushia. Kuchora sijui, mistari yangu kama kuku kapita. Karatasi ikamfikia jirani, yeye akaona chombo cha kukaushia kinachozunguka juani, akakitoboa matundu. Ikamfikia dada wa Pemba, yeye akaondoa pipa kabisa akabakiza matundu na miguu: kichanja cha wavu kinachoinuliwa kutoka chini. Hakuna aliyeniuliza nilimaanisha nini. Wangeniuliza ningewaeleza vizuri kabisa, na tungebaki na pipa la kuoshea.

Yaani mchoro mbaya una faida yake. Ukisema "pipa la kuoshea," mwenzako amesikia pipa la kuoshea, basi, mlango umefungwa. Ukichora rafu, anaona anachokiona yeye. Ndiyo maana nawashangaa wale wanaotoa rula na kalamu za rangi kwenye hatua hii. Mchoro ukishapendeza watu wanaogopa kuugusa.

Na Mheshimiwa? Alichora mashine ya kumenya mara tatu. Duru ya nne akaishiwa, akaanza kuchora vitu vya ajabu, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyosema siku ile ya kwanza: kiti cha kumenyea, chenye mahali pa kubana muhogo ili mkono mmoja ubaki huru. Nilimwambia, akacheka. Ndiyo hivyo, hata mwenye sauti anafaidika akinyamazishwa.

Sasa tukawa na michoro tuliyoipenda, lakini sote sita hakuna aliyemenya mihogo kila siku kwa miaka ishirini. Likizo ikafika, nikapanda basi kwenda Kigoma na jukumu la kundi mgongoni. Shangazi yangu yupo kwenye kikundi cha akina mama kumi na moja, wanauza makopa na unga. Nikamwomba anikutanishe nao.

Karatasi sikubeba. Mimi nimekulia pale, najua kalamu ikitua katikati ya kikundi inaenda kwa nani. Inaenda kwa katibu kwa sababu ndiye aliyefika darasa la saba, au anaitwa kijana wa kiume aliye karibu, na wengine wote wanakuwa watazamaji. Nikaomba uwanja ufagiliwe na kila mama apewe kijiti. Hili nalo si jipya. Mwaka 1988, kule Mbusyani wilaya ya Machakos nchini Kenya, Sekretarieti ya Taifa ya Mazingira pamoja na Chuo Kikuu cha Clark cha Marekani walifanya tathmini ambayo Robert Chambers, yule mtaalamu wa maendeleo wa Uingereza, anaitaja miongoni mwa vyanzo vya njia shirikishi za vijijini: wanakijiji wenyewe wanachora na kupanga, kwa kijiti, mawe na mbegu. Na hapa Tanzania, watu wengi vijijini wameshawahi kuchora ramani ya kijiji chao wakati wa kupanga matumizi ya ardhi. Kwa hiyo kijiti hakikumshangaza mtu. Kilichowashangaza ni mimi kusema wachore wote kwa mara moja na bila kuongea.

Shangazi akaniuliza, "Mwanangu, tusiongee tumekosa nini?" Tulicheka wee. Na kwa kweli kuwanyamazisha wanawake wa Kiha, ambao salamu tu na makofi yake inaweza kuchukua muda wa kuchemsha chai, haikuwezekana kikamilifu. Nikakubali wanong'one.

Niliwaambia wachore kazi ya muhogo, pale inapouma. Wengi walichora kisu na vidole. Wawili walichora mzigo kichwani, njia ya kutoka mtoni. Lakini mama mmoja, jirani wa shangazi, alichora nyumba, akachora turubai mbele yake, mbali akachora shamba, halafu kati ya shamba na nyumba akapiga mistari, mistari, mistari, mpaka ardhi ikachimbika. Nikamuuliza, "Shikamoo mama, hii mistari ni nini?"

"Marahaba. Hiyo ni mimi. Nikianika naenda shamba. Wingu likitanda nakimbia kuanua. Jua likitoka naanika tena. Ukiniuliza kumenya, kumenya nakaa chini na wenzangu tunapiga stori. Kuanua ndiko kunaniua."

Jamani. Semista nzima, watu sita, sitini na kitu za michoro, na neno kuanua halikuwepo hata kwenye karatasi moja. Makopa yakinyeshewa yanaota ukungu, yanakuwa meusi, na mnunuzi akiyaona anashusha bei au anaondoka. Hela ya kikundi inapotelea hapo. Hapotezi mtu kidole kwenye kisu kiasi cha kukosa ada ya mtoto, ila kwa mvua moja ya ghafla, ndiyo.

Nikaomba wabadilishane nafasi, kila mama ahamie kwenye mchoro wa mwenzake na aongeze kitu, vilevile kama tulivyofanya kimbwetani. Aliyefika kwenye ile mistari alikuwa mwanamke mdogo kuliko wote. Akasimama muda mrefu. Kisha akachora bibi amekaa mlangoni. Akachora kichanja, juu yake turubai limekunjwa upande mmoja, na kutoka kwenye turubai kamba inayopita juu ya mti mpaka mkononi mwa bibi. Basi. Bibi hawezi kubeba makopa kuyaingiza ndani, ila kamba anaweza kuvuta.

Tulipofika kwenye kuchagua, nikawaambia kwanza wanyooshe mikono. Mikono yote ilifuata mkono wa katibu, aliyependa mashine ya kumenya (Mheshimiwa ana ndugu Busunzu na hajui). Kisha tukarudia kwa maharage. Kila mama punje tatu, makopo yenye mifuniko yamewekwa kwenye kila mchoro, anakwenda mmoja mmoja na wengine wamegeukia nyumba. Kati ya punje 33, kamba ya bibi ilipata 17. Mashine ya kumenya ilipata nne. Katibu alihesabu mwenyewe, akahesabu tena, akasema, "Haya, kumbe." Nilipiga picha kwa simu haraka, na ilikuwa bahati, kwa sababu mbuzi wa jirani hawana heshima na kazi za ubunifu.

Msinielewe vibaya, mchoro hausemi kila kitu. Niliupeleka kwa fundi wa kuchomelea pale Kibondo mjini, akauangalia na kuuliza mambo matatu ambayo hakuna mchoro uliyajibu: turubai likijaa maji litabebwa na nini, kamba ikichakaa itabadilishwa na nani, na je, upepo? Akashauri mteremko na kapi badala ya kupitisha kamba kwenye mti mtupu. Cha kwanza tukakijenga kwa miti, wavu, turubai na kapi moja, nyumbani kwa yule mama wa mistari. Mama mkwe wake alikivuta mara nne siku ya kwanza, mara mbili kati ya hizo hakukuwa na wingu lolote.

Sasa tatizo. Kwenye ripoti, ukurasa wa mbele, tumeandika majina ya wabunifu kumi na saba: sisi sita na wale mama kumi na moja. Msimamizi wetu karudisha ripoti kaweka duara kwenye majina kumi na moja, pembeni kaandika "washukuriwe mwishoni." Kuna shindano la ubunifu mbele, lina hela, na fomu yake ina nafasi ya majina sita. Kwenye kundi tumegawanyika. Wawili wanasema tukubali, alama zipite. Dada wa Pemba kasema jina lake litoke kama ya kina mama yanatoka, na aliposema hivyo kimbweta kizima kilinyamaza. Mheshimiwa, aliyeniacha hoi, ndiye anayeandika barua ya kumweleza msimamizi. Sauti aliyonayo, safari hii iende inakotakiwa.

Nimeshampigia shangazi. Kaniuliza hilo shindano linalipa kiasi gani, nikamtajia. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema atawaita wenzake wakae, na niandae maharage.

Barua inakwenda Ijumaa. Nitawaambia.