Mwenyeji Mwema Hamngoji Mgeni Aombe

Katibu wa kamati ya msikiti huutazama ugeni kwa jicho la orodha. Maulidi yanapokaribia hapa Mpanda, na masheikh wakiwa njiani kutoka Tabora na Kigoma, wajibu wangu ni kuuliza: watalala wapi, watakula nini, maji ya udhu yatatosha, na akina mama wataketi upande gani? Kwa jicho hilohilo nilifuatilia mwaka 2021 namna jirani zetu wa Rwanda walivyoandaa ubingwa wa Afrika wa mpira wa kikapu kwa timu za taifa.

Timu 16 zilikusanyika Kigali kuanzia Agosti 24 hadi Septemba 5. Mechi zilichezwa katika ukumbi wa watu wapatao 10,000, uliofunguliwa mwaka 2019. Maradhi ya UVIKO-19 yalikuwa hayajaondoka, hivyo mzigo wa malazi, usafiri na ulinzi uliongezewa mzigo wa kulinda afya za wageni. Tunisia ilitwaa kombe kwa kuifunga Ivory Coast pointi 78 kwa 75. Mwaka 2023 Kigali ilipokea tena mataifa, safari hii kwa ubingwa wa wanawake, na Nigeria ikaibuka mshindi.

Ukumbi hujengwa na yeyote mwenye fedha na saruji. Lakini mgeni haji na begi lake tu. Huja pia na dini yake na stara yake, na hapo ndipo ukarimu hupimwa. Mwaka 2014, katika Michezo ya Asia iliyofanyika Incheon, Korea Kusini, wanawake wa Qatar walifika uwanjani kucheza na Mongolia wakiwa wamevaa hijabu. Wakaambiwa wazivue. Walikataa, na mechi ikahesabiwa kuwa wameshindwa bila ya kucheza. Kanuni hiyo haikuwa ya mji wa Incheon. Ilikuwa ya FIBA, shirikisho la dunia la mchezo huo. Hata hivyo, mabinti wale walirudi kwao wakiwa wamealikwa kwenye karamu na kuzuiwa mlangoni.

Mwezi Mei 2017 shirikisho hilo lilibadili kanuni, na kuanzia Oktoba mwaka huo vazi la kichwa likaruhusiwa. Katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa mwaka 2021, Sarah Gamal wa Misri alichezesha kikapu cha watu watatu kwa watatu akiwa na hijabu yake, na filimbi yake ikatiiwa na wote.

Qur'ani inatusimulia habari za Nabii Ibrahim (a.s.) na wageni wake. Hakuwauliza kama wana njaa. Aliwaendea watu wa nyumbani kwake kimyakimya, akarudi na ndama aliyenona, akamsogeza karibu yao. Mwalimu wangu chuoni alikuwa akirudia funzo moja katika kisa hiki: haja ya mgeni hutangulizwa kabla hajaitamka. Nasi watu wa Katavi tunaujua ugeni. Ardhi ya Katumba na Mishamo iliwapokea ndugu waliokimbia Burundi mwaka 1972, na mwaka 2014 wengi wao wakapewa uraia.

Sasa nageukia nyumbani, maana ndiko linakoniwasha. Mzazi mmoja aliniambia baada ya swala ya Ijumaa kwamba amemkataza bintiye kikapu shuleni, kwa kuwa sare ni kaptura na fulana isiyo na mikono. Hoja yake ya stara ni sahihi, wala sina haki ya kuipuuza. Lakini binti yule hakuuomba uchi, aliomba mchezo. Mtume wetu (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), na afya ni amana kwa mwanamke kama ilivyo kwa mwanamume. Dunia imekwisha ondoa kizuizi chake tangu 2017. Kilichobaki ni chetu.

Kwa hiyo naziomba kamati za misikiti na wazazi wa mkoa huu tuiendee shule kabla ya michezo ya UMISSETA, tukiwa na vitu vinavyoshikika: suruali ndefu, fulana za mikono mirefu na mitandio isiyofunguka, vilivyoshonwa na mafundi wetu wenyewe. Tuombe mwalimu wa kike awasimamie, na mazoezi yamalizike mapema ili Alasiri na Magharibi zisipotee. Gharama yake haifiki ya karamu moja ya Maulidi. Mabinti hawa ni watu wa nyumbani. Isiwe kwamba wageni wa Tabora tunawaandalia kila kitu, na hawa tunawangojea waombe.