Kabla ya Kusema Imekufa

Wapendwa, wiki hii tuliitwa katika nyumba ya mama mjane hapa Liuli. Friza yake, anamohifadhi mbasa na magege wa kuuza, ilinguruma sekunde chache, ikalia "tak", ikanyamaza. Fundi wa kwanza alikwisha kutoa hukumu: kompresa imekufa, inunuliwe mpya. Nasi, tuliposikia sauti yake yenye uhakika, tulimshauri mama atumie karo ya mtoto.

Fundi wa pili hakuwa na haraka. Alichomoa waya ukutani, akangoja dakika tano shinikizo la gesi litulie, maana kompresa hushindwa kuanza ikiwa bado inasukumana na gesi iliyobanwa. Alipima umeme wa ukutani, ukawa karibu na volti 230. Alipima nyaya za ndani ya kompresa, zikawa nzima. Kisha akatuonyesha relei ya kuiwashia: imeungua. Ule mlio wa "tak" ulikuwa wa kinga ikikata umeme ili kompresa isiungue. Alitia relei nyingine, akafuta vumbi lililoziba mabomba ya nyuma, na jioni maji yaliganda. Alituambia kwamba katika viyoyozi vya nyumbani, kompresa husingiziwa vivyo hivyo wakati kilichoharibika ni kapasita.

Karo ilibaki. Tulimwomba mama radhi. Ndugu zetu, ni wangapi tumesema wamekwisha, kumbe walikosa tu kitu kidogo cha kuwaamsha?